Kasa Si Kobe

Mimi ni mfasiri, na mdomo wangu hauna breki. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Kazi yangu ni kuchukua maneno ya wakubwa, yale yaliyofungwa tai mpaka hayapumui, nikayavua tai, nikayatoa barabarani watu wakayaelewa. Wenzangu wananiita Kamusi. Wifi yangu, ambaye meza yake inatazamana na yangu, ananiita Kamusi Isiyofungika, na akiniita hivyo huwa ameshasogea karibu na mlango.

Wifi ni mke wa kaka yangu, na ndiye mchapaji wetu. Mimi naandika kwa mkono, kwa sababu kompyuta na mimi hatujawahi kupatana, yeye anachapa na kupanga kurasa. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme. Chini wakijaribu spika, sisi juu chai inatetemeka kwenye vikombe. Hapo ndipo nchi kadhaa jirani zilipoamua kuweka sekretarieti ya mkataba wa kulinda kasa, na wageni wakija huwa wanapanda ngazi, wanatazama, wanauliza kwa upole kama ofisi yenyewe ni ghorofa ya juu zaidi. Hakuna ghorofa ya juu zaidi. Juu ni tangi la maji.

Kwa nini nchi nyingi kwa mnyama mmoja? Kwa sababu kasa hajui mpaka. Anazaliwa ufukwe huu, anakulia maji ya jirani, anakula majani ya baharini kwa jirani wa tatu, halafu akishakuwa mama mtu mzima anarudi kutaga pale pale alipozaliwa. Nchi moja ikimlinda na nyingine ikimnasa kwenye nyavu, ni sawa na kufagia ua wakati jirani anakung'utia mkeka upande wa upepo. Kwa hiyo mkataba ulikuwa na mambo ya pamoja: meli za kukokota nyavu ziweke mlango wa kumtolea kasa, hoteli za ufukweni zizime taa za kuelekea baharini msimu wa kutaga, na walinzi wa viota watambuliwe na sheria.

Hilo la mwisho lilikuwa kifungu cha tisa, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia.

Kaka yangu ni mlinzi wa viota, jina lake liko kwenye daftari la walinzi. Watu wa ufukweni wanamwita Mkunga. Msimu uliopita alikuta kasa ametaga chini mno, mahali ambapo maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi, lazima yangefika na kuozesha kila kitu. Akafanya alichofanya maisha yake yote: akafukua, akayapanga mayai kwenye ndoo, akaanza kuyapandisha kwenye mchanga mkavu. Njiani akakutana na askari waliohamishiwa pale karibuni. Na wao hawakuwa na makosa, kwa sababu sheria ya nchi ilisema atakayegusa yai la kasa ni mhalifu. Sheria ile haikutofautisha mwizi na mkunga. Kaka akafunguliwa kesi, akapewa dhamana, na sharti la dhamana likawa asikanyage ufukweni. Nyumbani akawa anakaa kibarazani akitazama mikono yake, mtu ambaye sikuwahi kumwona amekaa kwa muda wa kumaliza chai.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu wa haki. Alisema waziwazi mbele ya hakimu: nchi ikisaini mkataba wenye kifungu cha tisa, kinachomruhusu mlinzi aliyesajiliwa kuhamisha mayai ya kasa, yeye hana sababu ya kuendelea na kesi. Usiposainiwa, ataendelea, na adhabu yake ni kifungo. Kusaini kulipangwa Ijumaa. Kesi ilipangwa Jumatatu. Basi wiki ile mimi sikuomba utajiri wala afya. Niliomba Ijumaa ipite salama.

Sasa aingie Mshauri. Huyu alikuwa mshauri wa waziri wetu, kijana wa makamo mwenye simu mbili na subira nusu. Tangu mwanzo alinisumbua kuhusu neno moja.

"Mama Kamusi, hili neno kasa waache watu wa pwani. Huku bara nani anamjua kasa? Andika kobe. Kobe kila mtu anamjua."

"Kobe kila mtu anamjua kwa sababu kila mtu amemkuta porini," nikamwambia. "Kobe ana miguu. Kasa ana makasia. Kobe ukimtupa baharini umemuua. Kasa si kobe, baba, hata kama wote wamebeba nyumba mgongoni."

"Ni ndugu."

"Mimi na wifi yangu ni ndugu. Nenda ukamlipe yeye mshahara wangu uone."

Hakucheka. Akasema tutaona, akakata simu. Alikuwa na kero nyingine pia, dibaji yangu. Mikataba mingi huanza na "kwa kuzingatia" na "kwa kutambua" mpaka msomaji anasinzia kabla ya kufika kwenye jambo. Mimi niliianza kama hadithi: kasa alitoka yaini kwenye ufukwe wetu, akasafiri hivi, jirani akasaidia vile. Mshauri aliuliza kama huu ni mkataba au ni ngano ya kubembelezea watoto. Nikamjibu kwamba walionyimwa usingizi na sheria isiyoeleweka ni wengi, acha safari hii wabembelezwe. Dibaji ikabaki.

Alhamisi wajumbe wa nchi zote walikaa wakasomewa kifungu kwa kifungu. Kila mahali palikuwa na kasa, na kila mahali wakakubali. Nilitoka pale mwepesi. Nikafika nyumbani mchana, nikazima simu, nikajitupa kitandani na viatu vyangu.

Ijumaa asubuhi niliingia ukumbini nikiwa nimevaa vizuri kuliko nilivyovaa siku ya harusi ya kaka. Nakala za mkataba zilikuwa zimepangwa mbele ya kila kiti, jalada la buluu, karatasi bado zina harufu ya wino. Nikachukua moja kwa fahari. Nikafungua dibaji.

"Kobe alitoka yaini kwenye ufukwe wetu, akobefiri mpaka maji ya jirani. Jirani akobeidia kumlinda."

Nikafumba macho. Nikafumbua. Maneno yalikuwa pale pale. Nikateremka. Palipokuwa na mikasa ya kasa kunaswa nyavuni sasa palikuwa na "mikobe ya kobe". Tuliahidi kutakasa fukwe taka za plastiki. Sasa tuliahidi "kutakobe fukwe". Na mwisho wa dibaji, nchi zetu kwa kauli moja "zikobeini" mkataba huu.

Nilitaka kucheka, na ningecheka, kama mkono wangu haungekwenda wenyewe kwenye kifungu cha tisa. Pale hapakuwa na kichekesho. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kabisa: mlinzi aliyesajiliwa, au msaidizi aliye chini ya usimamizi wake, anaruhusiwa kuhamisha mayai ya kobe.

Ya kobe. Kaka yangu hajawahi kugusa yai la kobe tangu azaliwe.

Nilimkuta Wifi kwenye chumba cha chai nyuma ya ukumbi, anapanga vikombe.

"Wewe," nikasema. "Umefanya nini?"

Akanitazama usoni, akaweka kikombe chini taratibu. "Wifi, nilikupigia. Nilikupigia mpaka yule mama wa kwenye simu, anayesema mteja hapatikani, akawa kama rafiki yangu."

"Nimekuuliza umefanya nini!"

"Mshauri alipiga ofisini jana mchana. Akasema ni agizo kutoka juu, kasa iwe kobe, na chapa ipelekwe kabla duka la kuchapa halijafungwa. Sasa mimi ni nani nibishane na juu? Nikaingia kwenye kompyuta, nikaandika tafuta kasa, weka kobe, nikabofya badilisha zote. Ikabadilisha. Nikapeleka."

"Zote," nikasema. "Zote, wifi! Imeingia mpaka ndani ya matumbo ya maneno mengine. Ilikuta kasa ndani ya akasaidia, ikamtoa, ikaweka kobe! Umesoma dibaji?"

"Sikuwa na muda."

"Na kifungu cha tisa?"

Niliona wazo likimfikia. Kwanza lilimfika machoni, kisha midomoni, akaketi juu ya boksi la maji ya chupa. Nilikuwa nimekuja na maneno makali ya kumpa, nimeyapanga njia nzima, lakini yakanikauka. Huwezi kumpiga mtu ambaye tayari yuko chini.

"Nimemfunga mume wangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Wifi, nimemfunga kwa kidole kimoja."

Nikakaa naye kwenye boksi. Mwanzoni kichwa changu kilikimbilia funika kombe mwanaharamu apite: labda watasaini bila kusoma, wakubwa ndio zao, halafu tutarekebisha polepole. Lakini kupitia mlango uliofunguliwa nusu nilimwona Wakili. Huyu alikuwa wakili wa wenye meli za kukokota nyavu, amealikwa kama mtazamaji. Alikuwa amekaa na nakala yake amefungua kifungu cha nyavu, anakisoma kwa raha, kalamu mdomoni. Mlango wa kumtolea kobe. Kobe gani atakutwa katikati ya bahari? Meli zake zisingelazimika kubadilisha hata uzi mmoja. Mtu yule hangekubali irekebishwe polepole, wala haraka.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa jaji mstaafu wa nchi jirani, mama mwenye miwani yenye kamba na sauti isiyohitaji kipaza. Kanuni yake tuliijua wote kwa sababu aliirudia kila siku: siku ya kusaini, andiko haliguswi. Makosa ya uchapaji yanasahihishwa kwa kalamu. Jambo lolote lililoamuliwa, hata liwe baya vipi, linasubiri mkutano wa mwaka unaofuata. Na kaka yangu mwaka unaofuata angekuwa ameshakula nusu ya kifungo.

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kutukaribisha.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba radhi. Nakala hizi zina kosa la uchapaji. Kila palipo na kobe, wajumbe jana walikubali kasa."

Wakili akainuka, akaomba ruhusa kama mtazamaji, akapewa. "Mheshimiwa, neno limebadilika kila ukurasa. Kosa la kidole halijirudii hivyo. Hili linaonekana ni uamuzi."

Na hapo Mshauri, ambaye angeweza kunyamaza tu akatusaidia bila kujua, akasimama na kifua mbele. "Ni kweli. Niliagiza mimi. Ni kwa faida ya wananchi, neno lieleweke. Si kosa."

Upande wa pili wa ukumbi Wakili aliketi, akaweka mguu juu ya mguu.

"Nani alichapa?" akauliza Mwenyekiti.

Wifi akasimama pale mlangoni, taulo la vikombe bado liko begani.

"Uliagizwa, au ulikosea?"

Nitasema ukweli, maana siwezi kuwa mtakatifu kwenye hadithi yangu mwenyewe: nilimwomba Mungu Wifi adanganye. Aseme tu alikosea. Neno moja la uongo, kaka yangu anarudi kwenye mchanga wake. Wifi alinitazama. Alijua ninachoomba. Kisha akaliondoa taulo begani, akalikunja.

"Yote mawili, Mheshimiwa," akasema. "Niliagizwa nibadilishe neno moja. Kwa uharaka nikabofya badilisha zote. Sikuagizwa niharibu dibaji, lakini dibaji imeharibika. Sikusoma tena. Kosa la kutosoma ni langu."

"Dibaji imeharibika vipi?"

"Naona aibu kuitamka, Mheshimiwa."

Mwenyekiti akavaa miwani. Akafungua ukurasa wa kwanza.

"Kobe alitoka yaini," akasoma, kwa sauti ile ya kusomea hukumu, "kwenye ufukwe wetu, ako... akobefiri." Akasimama. Akasogeza karatasi mbali, kisha karibu. "Jirani akobeidia kumlinda." Akainua kichwa. "Mheshimiwa Mshauri. Unasema huu ni uamuzi wako?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Yaani, lile neno..."

"Basi nisaidie kitenzi hiki. Kukobeidia. Nakobeidia, unakobeidia, anakobeidia. Maana yake nini?"

Mshauri akafungua nakala yake, na kutokana na jinsi alivyoifungua, ikikataa kwa ule ugumu wa karatasi mpya, kila mtu aliona kwamba ndiyo mara ya kwanza. Akasoma. Masikio yakaanza kumbadilika rangi.

Kutoka viti vya nyuma, mjumbe mmoja mnene wa nchi ya visiwa, mtu ambaye siku zote za mkutano hakufungua mdomo ila kula biskuti, akasema kwa huzuni kubwa, "Mwenyekiti, mimi nadhani tumekobeidiwa."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mkalimani kwenye kibanda chake cha kioo alishindwa kufasiri, akalala juu ya vifaa vyake, na wageni waliovaa visikilizi wakabaki wanauliza kulia na kushoto kuna nini. Hata mimi, na roho mkononi, nilicheka mpaka machozi, na sikujua ni machozi ya namna gani.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alisubiri. Kisha akauliza, "Kuna mjumbe yeyote aliyesoma nakala hii kabla haijawekwa mezani? Mmoja tu. Anyooshe mkono."

Hakuna.

"Mheshimiwa Mshauri, wewe uliisoma baada ya kuagiza?"

"Nilikuwa na mambo mengi, Mwenyekiti."

"Sawa." Akavua miwani. "Nimekaa kwenye kiti cha kuamua karibu umri wangu wote, na najua uamuzi unavyofanana. Uamuzi husomwa na wanaoamua. Andiko hili halijasomwa na binadamu yeyote, kwa sababu lingesomwa lisingevuka mstari wa kwanza. Lililosomwa na kuamuliwa ni lile la jana, na la jana lilikuwa na kasa. Hili hapa ni kosa la uchapaji."

Wakili akainuka tena. "Kwa heshima, Mheshimiwa. Dibaji sawa, imeharibika, kila mtu anaona. Lakini kobe wa kifungu cha nyavu, na wa kifungu cha tisa, ni neno kamili la Kiswahili. Halina ubovu wowote."

"Limetoka kwenye kidole kile kile, kwa bofyo lile lile," Mwenyekiti akamjibu. "Ukimtaka kobe wa kwenye nyavu, mchukue na akobeidia wa kwenye dibaji, uende ukamtetee mahakamani. Unachukua yote au unaacha yote?"

Wakili akaitazama karatasi yake. Nadhani alijiona mbele ya majaji, na joho lake, akieleza kitenzi kile. Akatabasamu kwa kushindwa. "Naacha yote, Mheshimiwa."

"Kalamu," akasema Mwenyekiti.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Ulishawahi kubeba ndoo ya maji kichwani masafa marefu, ukasaidiwa kuitua, ukahisi shingo inaruka juu yenyewe? Basi. Nilikaa kwenye kiti ambacho si changu na sikuweza kuondoka.

Kazi ya kusahihisha ilichukua muda, na ilikuwa nzuri kuliko sherehe yoyote. Wifi alisimama mbele akitaja ukurasa na mstari, sauti yake ikaanza kwa kutetemeka na kuishia kama mwalimu mkuu. Mimi nilitaja herufi. Mabalozi na makatibu wakuu, watu ambao huandikiwa hata salamu, wakawa wanakata kobe kwa mkono wao na kuandika kasa juu yake, na kila mmoja anatia alama ya jina lake pembeni. "Mikasa, si mikobe!" wakawa wanakumbushana. Mshauri alikuja kuazima kalamu kwangu. Akasahihisha nakala yake yote bila kuruka ukurasa, kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba mama yake mzazi huko bara anasema kobe wa baharini, na kwamba alitaka tu mama yake aelewe. Nikamwambia amlete mama tumtafsirie, chai ni juu yetu. Hasira nilizokuwa nazo kwake nilizitafuta, sikuzipata tena.

Nao wakasaini. Wote.

Kwenye chumba cha chai Wifi alinikumbatia akalia kwenye nguo yangu nzuri. "Nilidhani utaniua," akasema.

"Nilipanga," nikamwambia. "Lakini nani angenichapia?" Kisha nikamwambia lililokuwa moyoni, kwa sababu lingenichoma lisiposemwa: "Mimi ningedanganya, wifi. Na ningemfunga kweli. Ukweli wako ndio uliomfanya yule mama afungue ukurasa wa kwanza."

"Mimi sikujua kama utasaidia," akasema, akipangusa pua. "Sikutaka tu kuwa na mambo mawili ya kuonea aibu kwa siku moja."

Jumatatu mahakamani mambo yalikuwa mafupi mpaka nikahisi tumepunjwa. Mwendesha mashtaka akasimama, akasoma kifungu cha tisa kwa Kiswahili, na lile neno lililoandikwa kwa kalamu akalisoma kwa mkazo, akasema anaondoa shtaka. Hakimu akaandika. Kaka akaambiwa yuko huru. Akabaki amesimama kizimbani mpaka karani akamshika mkono kumwonyesha mlango, kwa sababu kesi nyingine ilikuwa inasubiri.

Nje, kwenye ngazi, simu yake ikalia. Ni mlinzi mwenzake wa ufukweni. Alikuwa anazungumza kwa sauti ambayo sote tuliisikia: kuna kasa alfajiri hii ametaga chini kabisa, bamvu linakuja leo mchana, na yeye ana upande mwingine wa kulinda, afanyeje? Kaka alishaanza kuteremka ngazi.

Kwenye teksi Wifi akamsimulia yote, hakuficha kitu, kidole na kila kitu. Kaka alisikiliza amegeukia dirishani. Nikaogopa.

"Kwa hiyo mke wangu," akasema mwishowe, "watu wote wa nchi hizi walikusanyika wakaamua mimi nikazalishe kobe."

"Samahani, baba."

"Ningejaribu," akasema. "Kwa ajili yako ningejaribu." Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko chake kikatoka, kile cha zamani ambacho kibaraza kile hakikuwahi kukisikia. Dereva naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Tulifika jua limeshapanda. Alivua viatu vya mahakamani akampa Wifi, akakunja suruali, akatembea juu ya mchanga wake polepole, kama mtu anayeingia kwenye nyumba aliyodhani imeuzwa. Alama za kasa zilikuwa bado hazijafutika, zimetoka majini na kurudi majini. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Maji yalikuwa yanapanda nyuma yetu, kila wimbi likijaribu mbele kidogo. Mayai yakaanza kuonekana, meupe, ya mviringo, yamelowa. Akayatoa moja moja, hakuligeuza hata moja, la juu likabaki juu, akayalaza kwenye ndoo aliyoiacha mwenzake, juu ya mchanga wenye unyevu. Nilikuwa nimeandika neno kasa mara nyingi kuliko jina langu, na sikuwahi kuona yai lake kwa karibu.

Ndoo ilipokaribia kujaa, akatoa jingine, akaninyooshea.

"Shika."

Mikono yangu ikarudi nyuma yenyewe. Nikakumbuka askari, nikakumbuka dhamana, nikatazama kulia na kushoto kama mwizi. "Naruhusiwa?"

Kaka akanitazama kwa mshangao. "Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyeandika."

Nikavuta pumzi. "Mlinzi aliyesajiliwa," nikasema, "au msaidizi aliye chini ya usimamizi wake."

"Haya, msaidizi," akasema kaka yangu. "Usiligeuze."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa laini, na bado lina joto.